Rangi za printa zimeharibika baada ya kuweka Windows 11? Itafute profaili kabla siku 10 hazijaisha

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama una studio au steshenari hapa Babati na umehamia Windows 11, unaweza kukutana na hili: picha ya paspoti kwenye skrini iko safi, ikitoka kwenye printa uso ni mwekundu na bluu ya nyuma imekuwa zambarau. Usikimbilie kusafisha hedi wala kununua wino mwingine. Angalia kwanza profaili ya rangi.

Profaili ni faili dogo linaloishia na .icc au .icm. Ndilo linaloiambia kompyuta kwamba wino huu, kwenye karatasi hii, unatoa rangi hivi. Ukipandisha Windows, draiva ya printa inaweza kubadilishwa na profaili ikabaki haina printa inayoitumia.

Fungua C:\Windows\System32\spool\drivers\color. Faili likiwepo, tafuta "Color Management" kwenye menyu ya Start, chagua printa yako, weka tiki kwenye "Use my settings for this device", bonyeza "Add" ulichague, halafu "Set as Default Profile".

Halipo? Windows ya zamani huwa imehifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, na ndani yake njia ni ileile. Nakili faili lako leo leo, maana folda hiyo hujifuta baada ya siku 10. Ila kama fundi alifomati na kupiga Windows upya, hapo hakuna cha kutafuta.

Kushusha draiva kutoka tovuti ya kampuni ya printa husaidia kwa wino wa kampuni hiyo. Wengi wetu tunajaza matanki kwa wino mwingine, na profaili yake alikupa muuza wino. Huna haja ya kupanda basi kwenda Arusha: mwombe akutumie WhatsApp, lakini kama dokumenti.

Kwenye Photoshop, ukichagua "Photoshop Manages Colors", zima marekebisho ya rangi kwenye mipangilio ya printa. Yakibaki yote mawili, rangi inarekebishwa mara mbili na utadhani profaili ndiyo mbovu.

Jaribu picha moja ndogo kwa karatasi ileile ya wateja. Ikikubali, weka nakala ya faili kwenye flashi na uliandike jina la wino na la karatasi.