Tangi la nyumbani hutosha samaki wangapi?

SAMAKI wa mapambo anapokufa siku chache baada ya kununuliwa, lawama aghalabu huelekezwa kwa muuzaji au kwa maradhi. Hata hivyo, mara nyingi kiini cha kifo hicho ni maji yenyewe: samaki waliotiwa ndani ya tangi ni wengi kuliko uwezo wake.

Hakuna idadi moja inayofaa kila tangi. Lakini mfugaji anaweza kuikadiria kwa hesabu nyepesi kabla ya kutoa pesa zake mfukoni.

Hatua ya kwanza ni kujua kiasi cha maji. Urefu, upana na kina cha tangi hupimwa kwa sentimita, vipimo hivyo vikazidishwa, kisha jawabu likagawanywa kwa 1,000 ili kupata lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni la lita 54. Changarawe, mawe na nafasi inayoachwa juu hupunguza kiasi hicho, hivyo maji halisi hukaribia lita 45.

Kanuni kongwe ya wafugaji wa Marekani husema inchi moja ya samaki kwa kila galoni. Galoni ya huko ni lita 3.8, ilhali galoni ya Uingereza iliyozoeleka nchini Kenya zamani ni lita 4.5. Kwa vipimo vya Marekani, kanuni hiyo ni sawa na sentimita moja ya samaki kwa lita moja na nusu.

Kwa anayeanza, ni salama zaidi kutenga lita 2 kwa kila sentimita. Tangi la lita 45 basi litabeba jumla ya sentimita 22 za samaki, yaani tetra neoni sita wenye urefu wa sentimita 3.5 kila mmoja. Mkia hauhesabiwi, na urefu unaozingatiwa ni ule wa samaki aliyekomaa, wala si ule anaokuwa nao dukani.

Hapo ndipo wengi hukosea kuhusu samaki wa dhahabu. Anaponunuliwa huwa na sentimita 4 au 5, lakini yule wa kawaida anaweza kufikia sentimita 30. Bakuli la mviringo analowekwa sebuleni halimfai hata akiwa peke yake.

Kanuni ya sentimita ina kasoro

Kanuni hiyo hufaa tu kwa samaki wadogo na wembamba. Urefu wa samaki unapoongezeka maradufu, uzito wake huongezeka takriban mara nane, kwa kuwa hunenepa na kupanuka pia. Samaki mmoja wa sentimita 20 ana urefu sawa na samaki kumi wa sentimita 2, lakini uzito wake ni kama mara 100 ya wote kumi wakiwekwa pamoja. Chakula anachokula na uchafu anaoutoa hulingana zaidi na uzito kuliko urefu.

Aidha, umbo la tangi lina uzito wake katika hesabu. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, kwa hivyo tangi refu na jembamba hubeba samaki wachache kuliko tangi pana lenye lita zizo hizo. Wafugaji wengine hutenga sentimita 30 za mraba za uso wa maji kwa kila sentimita ya samaki wa maji ya joto. Pale hesabu mbili zinapotofautiana, inayofaa kufuatwa ni ile inayotoa samaki wachache.

Maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Kwa sababu hiyo joto la Mombasa hupunguza hewa iliyomo majini, ilhali jijini Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, uhaba huo husababishwa na wepesi wa hewa.

Sumu isiyoonekana

Kikomo kikuu, hata hivyo, ni uchafu. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na mabaki ya chakula huiongeza. Bakteria wanaoishi katika kichujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo.

Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaana vya kutosha katika tangi jipya. Anayejaza samaki wote siku moja huwatia katika sumu ambayo haionekani, kwani maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakaua. Ni bora kuanza na samaki wawili au watatu wadogo, kisha kuongeza polepole. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Kupotea kwa umeme nako ni mtihani. Kichujio kikisimama kwa saa kadhaa, bakteria huanza kukosa hewa, na tangi lililojazwa kupita kiasi ndilo hudhurika kwanza. Wakati huo samaki wasilishwe, na maji yatekwe kwa kikombe na kumiminwa tena humo humo ili yapate hewa.

Tabia na uzazi

Idadi hutegemea tabia pia. Tetra huishi kwa makundi, na wakiwa chini ya sita huingiwa na hofu. Mbuna wa Ziwa Malawi hugombania mawe na mapango, nao madume wawili wa samaki mpiganaji wa Thailand hawafai kuwekwa tangi moja, hata likiwa na nafasi.

Kwa upande wake, gapi wa kike huzaa takriban kila wiki nne, na uzao mmoja unaweza kupita vifaranga 20. Huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, hivyo huendelea kuzaa hata akitengwa. Asiyetaka ongezeko hilo afuge madume pekee.

Vipimo vya maji ndivyo huamua mwisho wa hesabu. Amonia na nitriti zinapaswa kuwa sufuri, nayo nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Iwapo viwango hivyo vinapita kiasi licha ya robo ya maji kubadilishwa kila wiki, au samaki wanahemea juu ya maji alfajiri, tangi limelemewa na samaki hawana budi kupunguzwa.

Wanaopunguzwa wapewe mfugaji mwingine au warudishwe dukani, wala wasimwagwe mtoni au ziwani. Mbuta, aliyeingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, alichangia kutoweka kwa aina nyingi za fulu, samaki wadogo wasiopatikana kwingineko duniani.