Kusahau na kutotulia kwa mtu mzima: ni vita, au ni tangu utoto?

Katika Rurambo, na katika familia zilizokimbilia Uvira mjini au ng'ambo ya Ruzizi, maneno haya yanasikika sana: baba huyu anasahau kila kitu, mama yule anaanza kazi tano na hamalizi hata moja, kijana huyu hawezi kukaa kwenye mkutano dakika kumi. Wengine wanasema ni uvivu. Wengine wanasema vita vimemharibu kichwa. Kuna jibu lingine lisilotajwa sana: hali ya ubongo ambayo madaktari wanaiita TDAH kwa Kifaransa na ADHD kwa Kiingereza. Mwenye hali hiyo hushindwa kushika umakini, kutulia au kujizuia.

Hali hii si ya jana. Mwaka 1775 daktari Mjerumani Melchior Adam Weikard aliandika juu ya watu wasioweza kushika umakini. Alilaumu malezi, na dawa zake zilikuwa maziwa machachu, maji baridi na kupanda farasi. Mwaka 1798 Alexander Crichton wa Scotland alisema mtu anaweza kuzaliwa nayo, lakini akaongeza kwamba hupungua kadiri mtu anavyokua. Mwaka 1902, huko London, daktari George Still alieleza habari za watoto wasiojizuia, ingawa baadhi yao walikuwa na akili nzuri. Mwaka 1937, huko Marekani, Charles Bradley alijaribu dawa kwa watoto 30, na 14 kati yao wakafanya vizuri zaidi shuleni.

Kwa muda mrefu hesabu ilikuwa ya watoto. Iliaminika kwamba mtoto akikua, yanaisha. Mwaka 1976 Paul Wender na wenzake wa Utah walitoa utafiti juu ya watu wazima wenye dalili zilezile. Tangu mwaka 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kinasema dalili 5 zatosha kwa mtu mzima, badala ya 6 za mtoto, lakini lazima baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12.

Sharti hilo la miaka 12 ni kubwa kwetu sisi. Mtu aliyeona mauaji, au aliyevuka Ruzizi usiku mwanzoni mwa 2025, naye husahau, hukasirika haraka na hakai mahali pamoja. Lakini yeye huota ndoto mbaya, hushtuka akisikia kishindo, na shida yake ina siku ilipoanza. TDAH haina siku hiyo. Mtu alikuwa hivyo tangu shule ya msingi, wakati wa amani na wakati wa vita.

Ugumu upo. Aliyezaliwa 1996 amekua ndani ya kukimbia, na hana "kabla ya vita" ya kukumbuka. Hapo ushahidi uko kwa wengine: mama mzazi, shangazi, mwalimu wa zamani. Waulizwe: alikuwa akipoteza kalamu na viatu? Alitofautiana na ndugu zake waliokimbia naye njia ileile? Pia mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, TDAH na majeraha ya vita.

Juu ya dawa, tuseme ukweli. Mwaka 2019 na 2021 wataalamu wa OMS walikataa kuiweka metilfenideti, dawa inayotumika sana, kwenye orodha ya dawa za lazima. Basi usitegemee kuikuta kwenye kituo cha afya cha kijijini, wala usinunue vidonge sokoni kwa kubahatisha. Anza kwa muuguzi. Waganga wa akili wako SOSAME huko Bukavu, na kwa walioko Burundi, kituo cha Kamenge huko Bujumbura.

Nyumbani kuna msaada usio na bei. Jetoni, kadi ya kura na karatasi za watoto zikae kwenye mfuko mmoja, mahali pamoja. Mpe neno moja kwa wakati mmoja, si matano. Achaguliwe mtu wa kumkumbusha, bila matusi. Kazi ya kutembea na kubeba inaweza kumfaa kuliko ya kukaa. Na kabla ya kumwita mvivu au mwenda wazimu, ulizeni kwanza waliomlea: huyu alikuwa namna gani akiwa mtoto?