Vipepeo weupe wanaopita Majengo si viwavijeshi

Kuna siku, hasa baada ya mvua, vipepeo weupe hupita Majengo mjini Moshi mmoja baada ya mwingine, wote wakielekea upande mmoja. Huvuka barabara, mapaa na bustani. Mkulima akiwaona juu ya shamba lake anaweza kukimbilia bomba la dawa akidhani ni viwavijeshi. Kabla hujanyunyiza, tunakuomba umtambue mgeni huyu.

Ni nani?
Mhamaji anayejulikana sana Afrika Mashariki ni yule ambaye wataalamu humwita Catopsilia florella. Akitandaza mabawa hufikia upana wa sentimita 6 hivi. Dume ni mweupe mwenye ukijani kwa mbali. Jike huwa mweupe au wa njano. Huruka kwa kasi, na akitua hufunga mabawa. Mwenzake, Belenois aurota, ni mdogo zaidi, ana kingo nyeusi, na chini ya bawa huonyesha mishipa ya kahawia.

Anakula nini?
Kiwavi wa Catopsilia ni wa kijani na hula majani ya mwingajini na jamii yake. Hali mahindi wala maharage. Kiwavijeshi ni mtoto wa nondo, mdudu wa rangi ya kahawia anayeruka usiku. Kwa hiyo msafara wa vipepeo mchana si dalili ya viwavijeshi. Kagua majani ya mahindi yenyewe. Ukikuta viwavi, mwite afisa ugani. Usipowakuta, okoa fedha zako. Dawa ingeua pia nyuki wanaochavusha maharage yako.

Namna ya kuwaangalia
Asubuhi jua likishapasha joto, simama mahali pa wazi. Chagua miti miwili, kisha hesabu wanaopita katikati yake kwa dakika 5. Andika tarehe, saa na upande wanakoelekea. Kwa mtu wa Moshi, Kibo iko kaskazini, hivyo huhitaji dira. Akitua kwenye ua, mpige picha kwa simu, upande wa chini wa bawa uonekane.

Kazi hii si ngeni nchini. Mwingereza C. B. Williams, aliyefanya kazi Amani, Tanga, miaka ya 1920, alirekodi misafara ya vipepeo, na mwaka 1930 akatoa kitabu juu ya uhamaji wao. Daftari na macho yako yanatosha kuanza.