Ile Hela Tuma kwa Namba Hii: Wazee na Utapeli wa Simu Tanzania

Kabla ya huduma za fedha za simu kuenea nchini Tanzania, fedha za mzazi aliye kijijini zilipita kwenye hawala ya posta, yaani hati ya malipo iliyonunuliwa katika ofisi moja na kulipwa katika nyingine, au zilitiwa katika bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi. Njia hizo zilikuwa na wizi wake, lakini mwizi alikuwa na sura, na mara nyingi hata ukoo wake ulijulikana. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, ilimwondoa mchukuzi wa fedha na kuweka namba ya simu mahali pake, huku ikimkabidhi mzee namba ya siri ambayo wengi hawakuweza kuiingiza bila msaada wa mjukuu au wa wakala, yaani mfanyabiashara anayepokea na kutoa fedha kwa niaba ya kampuni ya simu.

Ujumbe wa utapeli uliovuma kuliko mwingine wowote, "ile hela tuma kwa namba hii", haukuhitaji ujuzi wowote wa mitambo. Matapeli waliusambaza kwa namba wasizozijua, wakitegemea kwamba miongoni mwa wapokeaji hakosi mtu ambaye kweli yuko mbioni kumtumia nduguye fedha. Nguvu yake ilitoka katika desturi yenyewe ya kusaidiana, na ndiyo maana ulidumu hata baada ya kugeuzwa mzaha wa mitaani.

Serikali ilijibu kwa kusajili laini za simu, kwanza kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kisha, kuanzia 2019, kwa alama za vidole. Lakini baadhi ya wasajili walimtaka mteja arudie kuweka kidole wakidai hakijasomeka, kumbe wanasajili laini nyingine kwa jina lake. Dai hilo lilimwingia kwa urahisi mzee aliyeshika jembe maisha yake yote, kwa kuwa vidole vilivyosuguliwa mara nyingi havisomeki kweli. Laini hiyo ilipotumika kutapeli, mshukiwa wa kwanza alikuwa yeye. Baadaye ilitolewa namba *106# ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, pamoja na 15040 ya kuripoti matapeli. Zote mbili zinamtaka mtumiaji asome na kuandika kwenye simu, na mzee asiyeweza hulazimika kumpa simu yake wakala au mjukuu yuleyule anayeijua namba yake ya siri.