Kugeuka Hewani

Wahenga walinena: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Ukweli wa maneno hayo aliuonja Joseph Kittinger, rubani wa jeshi la anga la Marekani, tarehe 16 Novemba 1959, aliporuka kutoka katika puto lililokuwa mita 23,000 na zaidi juu ya New Mexico. Mwavuli mdogo wa kumtuliza ulifunguka mapema, ukamkaba shingoni. Mwili wake ukazunguka kama pia, mara 120 kwa dakika, hata akazimia. Kilichomwokoa ni mwavuli uliofunguka wenyewe.

Léo Valentin, Mfaransa, alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1940 kwamba aangukaye kifudifudi, mikono na miguu ameitandaza, hutulia. Walakini dakika moja ya kuanguka haitoshi kujifunza kugeuka.

Mwaka 1964, katika kituo cha jeshi hilo hilo cha Wright-Patterson, Ohio, Jack Tiffany alielea ndani ya mnara ambamo feni kubwa huvumisha upepo kwenda juu. Siku hizi wanafunzi wengi hujifunza katika minara ya namna hiyo. Mtu akiinamisha kidogo mkono wa kuume, na kuinua wa kushoto, hewa humsukuma, naye hugeuka kuume. Akisawazisha mikono tu, mwili huendelea kuzunguka. Yampasa kwanza kuinamisha wa kushoto hata mzunguko ukome. Basi stadi hatambulikani kwa kasi ya kuzunguka, bali kwa kusimama pale alipokusudia.