Namba 1000 ni nani? Historia fupi ya kompyuta na mwenye faili

Najua nimepotea siku nyingi, mniwie radhi. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha na ratiba ilinibana kweli kweli. Sasa nimerudi chuoni, baridi ya Mbeya ni ileile, na kabla sijasahau nataka niandike jambo lililotokea kule shuleni. Somo langu kubwa ni Historia, kwa hiyo mtanisamehe nikianzia mbali.

Kwanza kisa chenyewe. Alama za kidato cha tatu nilikuwa natunza kwenye diski ya nje, zile za kuchomeka kwa waya. Laptop yangu inatumia Ubuntu, na diski ile niliiandaa humohumo. Siku moja mwalimu wa taaluma akaiomba, akaichomeka kwenye kompyuta ya maabara ya shule ambayo nayo ni Ubuntu. Diski ikafunguka yenyewe. Akalinganisha alama na karatasi niliyompa wiki ya nyuma, akakuta wanafunzi watatu wamepanda. Akabonyeza aone mwenye faili ni nani. Kompyuta ikaandika jina la kiranja wa maabara, na kijana huyo ni mmoja wa wale watatu!

Basi ikawa kesi. Kijana akaitwa ofisini, akasema tu, "Shikamoo mwalimu, mimi hiyo diski sijawahi kuigusa." Akaambiwa aende nyumbani, Jumatatu aje na mzazi. Mama yake anauza viazi Uyole, kuacha biashara siku nzima kwake si mchezo.

Sasa ukweli ni kwamba alama nilizibadilisha mimi. Nilisahihisha upya swali la nne, nikasahau kuchapa karatasi nyingine. Nikasema hivyo mbele ya walimu, wakaona namtetea mtoto. Mwalimu wa taaluma akaniuliza, "Mbona kompyuta imeandika jina lake?" Sikuwa na jibu. Wikiendi nzima sikutoka, nikawa nasoma.

Haya twende. Unix, babu wa Linux, ilianzia Bell Labs kule Marekani mwaka 1969, mikononi mwa akina Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mashine ilikuwa moja, watu wengi, kila mtu na akaunti yake. Kila faili lilikuwa na mwenyewe, ila kwenye diski haliandikwi jina la mtu, inaandikwa namba. Jina linakaa kwenye daftari jingine ndani ya mashine: namba fulani ni fulani. Ukiuliza faili ni la nani, kompyuta inasoma namba kwenye diski, inafungua daftari lake, inakupa jina. Na kupachika diski mpya kwenye mashine kwa kawaida ilikuwa kazi ya mkuu wa mfumo, yule mwenye namba 0. Kwa hiyo daftari moja, msimamizi mmoja, hakuna tatizo.

Tatizo lilikuja mashine zilipokuwa nyingi. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ilitengeneza NFS, njia ya kutumia mafaili yaliyoko kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Mwaka 1988 wakaongeza kitu kikubwa, programu ya kupachika yenyewe: ukiingia tu kwenye folda, mafaili yanaletwa bila kumwita msimamizi. Raha tupu. Lakini seva ilikuwa inaamini namba inayotajwa na mashine inayoomba. Ukisema wewe ni namba fulani, basi wewe ndiye. Aliyekuja na namba 0 tu ndiye aliyeshtukiwa, akageuzwa kuwa mtumiaji anayeitwa "nobody", yaani si mtu yeyote. Dawa yao ilikuwa kuhakikisha ofisi nzima inatumia daftari moja la majina. Nje ya ofisi hiyo, kila mtu na lwake.

Na sisi Tanzania tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kabla hata Unix haijazaliwa. Halafu mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Zilipokuja kuingia kwa wingi miaka ya 1990, zilikuwa zile ndogo za mezani, DOS na Windows za wakati ule. Diski zake zilitumia FAT, mfumo uliobuniwa Microsoft mwaka 1977. FAT haina kabisa nafasi ya kuandika mwenye faili. Aliyekaa kwenye kiti ndiye mwenye vyote.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopatia tabia yetu. Wengi wetu kompyuta tumeijulia intaneti kafe na stesheneri, akaunti moja watu mia, flashi inapita mkono kwa mkono. Flashi nyingi mpaka leo ni ndugu wa FAT. Ukiichomeka kwenye Linux, mfumo unakuta hakuna mwenyewe, basi unampa mafaili yote yule aliyefungua mashine wakati huo. Kwa hiyo jina unaloliona hapo halikuambii aliyeandika, linakuambia aliyechomeka.

Ila diski yangu mimi haikuwa FAT. Ilikuwa ya Kilinux, ina namba. Na hapa ndipo nilipogonga meza usiku mkubwa mpaka jirani akauliza kulikoni. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mtumiaji wa kwanza anayesajiliwa kwenye mashine inampa namba 1000. Kila mashine! Kwenye laptop yangu wa kwanza ni mimi. Kwenye kompyuta ya maabara wa kwanza alikuwa yule kijana, maana ndiye aliyesaidia kuiweka. Mafaili yangu yameandikwa 1000. Kompyuta ya shule ikasoma 1000, ikafungua daftari lake, ikakuta jina la kiranja. Haikudanganya, ilijibu kwa daftari ililonalo.

Walimu wenzangu, hii tunaijua vizuri kuliko mafundi. Mtahiniwa wa kidato cha nne hatambuliwi kwa 0012 tu, mbele yake inatangulia namba ya shule. Ukiniletea 0012 peke yake nikasema huyu ndiye aliyeiba mtihani, nchi nzima kuna akina 0012 wangapi? Diski ilibeba namba ya mtahiniwa, ikaacha namba ya shule nyumbani.

Mafundi hawajalala. Kuanzia Ubuntu ya Oktoba 2012, diski ikichomeka inapachikwa kwenye folda yenye jina la aliyeingia, ili mwenye akaunti nyingine kwenye mashine hiyohiyo asiichungulie. Hilo ni zuri, ila namba zilizoko ndani ya diski zinabaki vilevile. Mwaka 2020 ikaja systemd-homed, ambayo nyumba ya mtumiaji inasafiri na kitambulisho chake na inapewa namba inayofaa kila inapofika. Mwaka 2021 Linux 5.12 ikaleta uwezo wa kutafsiri namba wakati wa kupachika. Lakini hayo lazima mtu ayapange, na kwenye maabara yetu hakuna aliyekuwa ameyapanga.

Jumatatu nikawahi. Mama alikuwa tayari amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, kitenge begani, hajui mwanae kaiba nini. Nikamwamkia, nikaingia. Nikachomeka diski kwenye laptop yangu mbele ya mwalimu wa taaluma: faili lilelile, mwenyewe ni mimi. Nikaichomeka kwenye mashine ya shule: mwenyewe ni kiranja. Kisha nikaamuru mashine zote mbili zionyeshe namba badala ya jina. 1000, 1000. Halafu nikatoa karatasi za majibu, swali la nne, wino wangu mwekundu.

Mwalimu wa taaluma alinyamaza muda. Ni mtu mzima na ni mwungwana, akatoka nje mwenyewe akasema, "Samahani sana mama, tumekusumbua bure." Mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu arudi darasani?" Akarudi.

Mimi nilibaki na aibu yangu, maana ningechapa karatasi mpya siku ileile yasingetokea yote. Kwenye Historia tunafundishwa kuuliza chanzo kimeandikwa na nani, lini, na kwa kusudi gani. Jina lililotokea kwenye kioo nalo ni chanzo, na watu watano ofisini, mimi mwenye somo nikiwemo, hatukukihoji.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Kama una diski unazungusha kwenye mashine za watu, angalia namba yako. Bumu halijatoka, tuombeane. Tuonane posti ijayo.