Kumbukumbu ya kuazima: historia ya kompyuta kubwa na somo kwa mnunuzi wa simu

KABAMBARE, MANIEMA – Simu nyingi zinazouzwa siku hizi zimeandikwa juu ya boksi "4+4" ama "8+8". Muuzaji anajumlisha na kusema simu ina kumbukumbu 16. Familia iliyohama kwao, ambayo simu ndiyo njia yake ya kupata habari za ndugu na kupokea pesa, inatoa akiba yake. Kumbe nusu ya hesabu hiyo ni ya kuazima. Jambo hili lina zaidi ya miaka 60, na wenye kompyuta kubwa walibishana juu yake kwa muda mrefu.

Mfano ni mama anayeuza sokoni. Meza yake ni ndogo, lakini kilicho juu yake anakitoa mara moja. Bidhaa nyingine ziko depo, mbali. Mteja akiomba kitu cha depo, mtoto anatumwa mbio, na mteja anangoja. Wafanyabiashara wa misafara waliopita Kabambare katika karne ya 19, kati ya ziwa Tanganyika na Kasongo, walijua vilevile kwamba mali ya ghalani si mali ya mkononi.

Tarehe 7 Desemba 1962, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta iitwayo Atlas. Meza yake, yaani kumbukumbu ya haraka, ilikuwa na nafasi 16,384 tu za namba. Depo yake, ngoma ya sumaku inayozunguka, ilikuwa na nafasi 98,304. Zamani mwandishi wa programu alipanga mwenyewe nini kitoke depo na saa gani. Tom Kilburn na wenzake waliiachia mashini kazi hiyo: ilihamisha namba kwa mafungu ya 512, na mwandishi akaona kama ana meza moja kubwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu pepe.

Faida ilikuwa wepesi wa kuandika programu. Gharama ilikuwa muda, maana ngoma ilikuwa na uvivu maelfu ya mara kuliko meza. Mwaka 1968 Peter Denning wa Marekani alieleza ugonjwa wake: kazi nyingi zikigombania meza ndogo, mashini inabeba vitu kutoka na kurudi hadi kazi yenyewe inasimama. Mtoto anakimbia kutwa nzima, na hakuna kinachouzwa.

Seymour Cray, fundi wa kompyuta zenye mbio kuliko zote wakati wake, aliikataa. CDC 6600 ya mwaka 1964 na Cray-1 ya mwaka 1976 hazikuwa nayo. Kazi isipoenea mezani, mwandishi aliigawa mwenyewe, kama zamani. Ilikuwa taabu, lakini kasi haikuguswa.

Leo pande mbili zimepatana. Kompyuta kubwa zinatumia kumbukumbu pepe ili programu moja isiingilie mali ya nyingine, lakini zinakwepa kuchota depo: kumbukumbu ya kweli inanunuliwa ya kutosha. Hata daftari la kuonyesha kila fungu liko wapi linakula muda. Kwa hiyo mafungu yanafanywa makubwa, mistari ya daftari ipungue. Nayo ina hasara yake: gunia kubwa lisilojaa linapoteza nafasi.

Kwa mnunuzi wa simu, namba ya kwanza kwenye boksi ndiyo meza. Ya pili ni depo. Inasaidia programu iliyoachwa ingoje bila kufungwa, lakini haiongezi mbio za simu. Tena nafasi hiyo inakatwa mahali panapowekwa picha na sauti za watu wa nyumbani. Kwa familia iliyoacha kila kitu njiani, hiyo si nafasi ndogo. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi aulize: ya kweli ni ngapi?